Je, ni Uvivu Kukimbia Polepole?

Wengi wenu mnaokaa huku Mikocheni mmekwisha kuniona alfajiri, kabla daladala hazijaanza kujaa, nikipita barabarani na kaptula yangu iliyopauka. Wengine hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee." Wengine hucheka, nami siwalaumu, maana mtu wa miaka 63 anayekimbia bila kufukuzwa na mtu yeyote ni jambo la kuchekesha. Lakini leo sitaki kumshawishi mtu aanze kukimbia. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja lililonijia barabarani. Mtu anapopunguza mwendo, je, anafanya uvivu au anafanya busara? Na anapojikaza kila siku mpaka nguvu zikamwishia, je, hiyo ni bidii au ni kiburi?

Swali hili laonekana dogo. Mimi pia nililiona dogo, mpaka siku niliposhindwa kumwinua mke wangu kitandani.

Yaliyonipata

Mke wangu alipatwa na kiharusi mwaka 2019. Mkono wake wa kushoto na mguu wa upande huo vilipoteza nguvu. Tangu hapo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kumwinua, kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu, na kumtoa barazani apate hewa kabla jua halijawa kali. Watoto wetu wanajitegemea na wako mbali. Silalamiki, kwa kuwa yeye naye alinitunza miaka mingi nilipokuwa na nguvu za kuharibu tu. Lakini ni kazi inayotaka miguu mizima na mgongo mzima.

Mbio nilizianza nikiwa na miaka 50, na nilipostaafu nikaziongeza. Sasa nakiri kosa langu. Kila nilipotoka nyumbani sikukimbia polepole, wala sikukimbia kwa nguvu zote. Nilikimbia ule mwendo wa katikati ambao humfanya mtu aone kwamba amefanya kazi: pumzi inapanda, jasho linatiririka, miguu inawaka kidogo. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, mpaka Jumamosi. Nilikuwa na daftari la kuandikia dakika zangu, na kila siku nilitaka leo ishinde jana. Nikimwona kijana mbele yangu, naongeza mwendo. Nikikaribia kituo chenye watu wengi, naongeza mwendo. Sababu yake haikuwa afya. Niliogopa kuonekana nimezeeka.

Asubuhi moja ya mwaka 2022, nikiwa nimebakiza kama kilomita moja kufika nyumbani, nilihisi kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya mguu wa kulia. Niligeuka kumtafuta aliyelirusha. Hapakuwa na mtu. Msuli wa shavu la mguu ulikuwa umechanika. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenirudisha nyumbani, na kwa wiki 7 sikuweza kukanyaga vizuri, sembuse kumbeba mtu.

Wiki zile zote mke wangu aliinuliwa na mama mmoja jirani na kijana wake wa kiume. Walikuja kwa upendo, asubuhi na jioni, na Mungu awalipe. Lakini mke wangu ni mtu mwenye haya, na kijana yule alimjua tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani. Niliona jinsi alivyofumba macho alipokuwa akishikwa. Hakuninung'unikia hata mara moja. Ila jioni moja, tulipokuwa peke yetu, aliniuliza kwa upole, "Baba, hizo mbio ulikuwa unashindana na nani?"

Sikuwa na jibu.

Maneno ya mwalimu mstaafu

Baada ya siku chache alikuja kunijulia hali mzee mmoja aliyefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi. Amenipita umri, nami humwita kaka. Aliniomba nimweleze mazoezi yangu ya wiki. Nikamweleza, tena kwa kujivuna kidogo: siku 6, kilomita 10 kila siku, chini ya dakika 58. Nilitegemea anisifu. Akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe hupumziki, wala hufanyi kazi. Unajichosha tu."

Nilikasirika. Lakini mtu aliyefungwa mguu hana pa kwenda, basi nikamsikiliza. Na kadiri nilivyosoma na kuuliza baadaye, niliona kwamba alisema kweli tupu.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba mazoezi hayaujengi mwili wakati yanapofanyika. Wakati ule mwili unabomoka kidogo. Nyuzi za misuli zinachanika kwa udogo usioonekana, na nguvu iliyowekwa akiba inatumika. Ujenzi hufanyika baadaye, mtu akiwa amekula na amelala. Kijana hujengeka upya upesi. Mzee huhitaji siku zaidi, hasa katika kano zinazoshika misuli kwenye mifupa, kwa kuwa kano hupata damu kidogo na hupona taratibu. Mzee anayebomoa kila siku hapati nafasi ya kujenga. Nyumba yake ina mafundi wa kubomoa tu.

Jambo la pili ni kwamba mbio nyepesi na mbio kali zina kazi mbalimbali. Mbio nyepesi, zikiwa ndefu na za mara kwa mara, huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, huuzoesha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na huufundisha mwili kutumia mafuta yake kama kuni. Mbio kali huulazimisha moyo ufanye kazi karibu na kikomo chake, na huziamsha zile nyuzi za misuli za kasi ambazo uzee huzipunguza kwanza. Mtu anayekwenda mwendo wa katikati kila siku hulipa karibu bei yote ya kazi kali, lakini haipati faida yake yote; na siku ya kazi kali ikija, huikuta miguu imekwisha kuchoka.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani afanyaye kazi yake Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa mbio, wa makasia na wa kuteleza thelujini wanavyojizoeza. Aliona kwamba kwa kawaida, katika kila mazoezi 10, kama 8 huwa mepesi na 2 tu ndiyo makali. Hao ni watu wanaotafuta medali za dunia. Mimi niliyekuwa natafuta kumpita kijana wa kituoni nilijiona mwenye bidii kuliko wao.

Waliojua kupunguza mwendo

Katika miaka ya 1960 palikuwa na mwalimu wa mbio katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyeitwa Bill Bowerman. Yeye alisisitiza kwamba siku ngumu lazima ifuatwe na siku nyepesi. Miongoni mwa vijana wake alikuwako Kenny Moore, ambaye hakuamini neno hilo. Siku za mapumziko alijiongezea mbio kwa siri, na matokeo yake akawa mgonjwa na mchovu mara kwa mara. Bowerman alimlazimisha, kwa ukali, apumzike kweli siku za kupumzika. Moore alitii huku akinung'unika, na muda si mrefu akakimbia maili 2 kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia maishani mwake.

Moore huyo alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968 akawa wa 14. Mwaka 1972 mjini Munich alikuwa wa 4, akaikosa medali kwa kama nusu dakika. Na aliyemtangulia akachukua shaba alikuwa nani? Alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyekuwa na umri wa miaka 40. Wolde ndiye aliyeshinda ile marathoni ya Mexico, akiwa na miaka 36. Tusidhani basi kwamba mbio ndefu ni mali ya vijana peke yao.

Kwa jirani zetu wa Kenya mfano uko wazi zaidi. Eliud Kipchoge aliweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwezi Septemba 2022, saa 2, dakika 1 na sekunde 9, akiwa na miaka 37. Katika kambi yake ya Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, kwa miaka mingi siku za kazi ngumu zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine zilikuwa za mbio nyepesi. Watu waliokwenda kuwatazama wakimbiaji wa nyanda zile hushangaa jinsi wanavyoanza asubuhi ya siku nyepesi: polepole mno, wakiburuza miguu na kuzungumza, kama watu wanaokwenda shambani. Hawaoni haya. Hawana cha kumthibitishia mtu siku ya Jumatano.

Na sisi Tanzania tumeona faida ya nguvu iliyotunzwa mpaka siku yake. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia nchi yetu medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alishinda kwa sehemu 3 za mia ya sekunde moja. Ushindi wa namna ile haupatikani kwa mtu ambaye akiba yake ameitapanya mazoezini ili asifiwe na wapita njia.

Lakini Akhwari je?

Hapa naona msomaji mmoja ananyanyua mkono. "Je, John Stephen Akhwari? Tumefundishwa tangu shuleni kwamba Mtanzania hakati tamaa. Sasa wewe unatufundisha kupunguza mwendo?"

Ni swali zuri, tena ndilo nililokuwa nikijitetea nalo. Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika marathoni ileile ya Mexico ya mwaka 1968 akaumia vibaya goti. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, na yeye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde, giza likiingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Aliingia uwanjani amefungwa bandeji, akichechemea, akamaliza. Dunia haijalisahau jambo lile.

Lakini tuangalie vizuri. Ile ilikuwa siku ya mashindano, tena siku ambayo nchi yake ilimtuma. Palikuwa na sababu ya kutumia kila kilichobaki. Akhwari hakuvunja goti lake kila Jumatano ili walinzi wa getini wamwone. Tena tusisahau kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni. Goti lile lilipewa nafasi ya kupona. Kujitoa kwake Mexico kulikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa kwa ajili ya kitu kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kujitoa kwangu kulikuwa kwa ajili yangu, na gharama yake alilipa mtu mwingine aliyelala kitandani.

Naona hapa ndipo ilipo tofauti ya bidii na kiburi. Jasho linatoka katika vyote viwili, na maumivu yapo katika vyote viwili, wala huwezi kuvitenganisha kwa kutazama uso wa mkimbiaji. Lazima uulize kama mke wangu alivyouliza: unashindana na nani, na kwa ajili ya nani?

Hatari ya upande wa pili

Lakini nisije nikawapoteza. Mguu wangu ulipopona, niliangukia shimo la upande wa pili. Kwa miezi kadhaa nilitembea-tembea tu na kukimbia kama mtu aliyebeba mayai. Nikawaambia watu, "Mimi ni mzee sasa, polepole ndio mwendo." Methali ile ilinifaa sana, maana ilinipa heshima bila kunitaka jasho.

Yule kaka yangu akaja tena akanikuta hivyo. Akasema, "Zamani ulitumia mbio kuuficha uzee. Sasa unautumia uzee kuuficha uvivu."

Ni kweli. Baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza karibu asilimia 10 ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni kila miaka 10. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka mwaka hata mwaka, na misuli hupungua. Mambo hayo hatuwezi kuyazuia kabisa. Lakini wanaoendelea kufanya kazi ngumu kwa kiasi hupoteza taratibu zaidi kuliko wale wasiofanya. Nguvu ya kumwinua mtu kitandani haitunzwi kwa kutembea-tembea peke yake. Mzee anahitaji siku yake ngumu. Tofauti yake na kijana ni kwamba siku hizo zitakuwa chache, na kati ya moja na nyingine pawe na nafasi pana.

Alikuwako mzee mmoja nchini Kanada, mzaliwa wa Uingereza, Ed Whitlock. Mazoezi yake ya kila siku aliyafanya makaburini karibu na nyumbani kwake katika mji wa Milton, akizunguka polepole, hata saa 3 kwa siku. Watu waliomwona huenda walidhani anajichagulia mahali pa kulala. Lakini mara kwa mara aliingia katika mashindano mafupi, na huko ndiko alikokimbia kwa nguvu. Goti lilipomsumbua alipumzika kwa muda mrefu bila aibu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikuwa mtu wa kwanza duniani aliyepita miaka 70 kumaliza marathoni chini ya saa 3. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mtu huyo hakuuficha uzee, wala hakujificha nyuma yake.

Maana ya kiasi

Sasa turudi kwenye swali letu. Wazee wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema, "Polepole ndio mwendo." Nyingine yasema, "Mchumia juani hulia kivulini," yaani anayekubali kuungua na jua ndiye atakayekula kwa raha. Ipi ni kweli? Zote mbili. Hekima ni kujua leo ni siku ya methali ipi.

Sisi tumezoea kufikiri kwamba kiasi maana yake ni kukaa katikati: si moto, si baridi, kila siku nusu. Kwa fikira hiyo mimi nilikuwa mtu wa kiasi kabisa, maana sikukimbia sana wala sikukimbia kidogo. Kumbe nilikuwa vuguvugu. Kiasi cha kweli ni kuipa kazi siku yake na pumziko siku yake, kila kimoja kwa ukamilifu. Mkulima hapandi nusu na kuvuna nusu kila siku ya mwaka. Ana msimu wa jembe na msimu wa kungoja, na anayefukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota hatavuna kitu.

Sisi tunaokwenda kusali Jumapili ilitupasa tulielewe jambo hili kabla ya wanasayansi. Siku ya saba haikuwekwa kwa ajili ya wavivu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye siku sita za kazi. Pumziko ni sehemu ya kazi, na anayelidharau hajawa mtakatifu kuliko aliyeliamuru.

Nadhani hata katika mtaa wetu kanisani tunaweza kujitazama. Tunao wazee ambao wamo katika kila kamati, kwaya, harambee na msiba, na wanahudhuria kila kitu wakiwa wamechoka, wala hawana nguvu kamili kwa jambo lolote. Wanaogopa kwamba wakikosekana siku moja watu watasema wamekwisha. Tena wako wengine ambao siku walipostaafu kazini walistaafu na kila jambo jema, na ukiwaomba hata kumtembelea mgonjwa wanakwambia umri umekwenda. Makundi haya mawili hulaumiana, lakini naona ugonjwa wao ni mmoja. Wote wanatazama uzee wao mno, na kazi iliyo mbele yao wanaitazama kidogo.

Ugumu wa siku nyepesi

Mtaniuliza nafanyaje sasa. Jumanne ni siku yangu ngumu. Nakwenda taratibu mpaka Mwenge, kisha napanda kwa nguvu kuelekea Chuo Kikuu, narudi chini nikitembea, napanda tena, mara 5 au 6, mpaka pumzi haina nafasi ya maneno. Jumamosi nakwenda mwendo mrefu kupita Msasani mpaka ufukwe wa Coco, na mwishoni, kama mwili umekubali, naongeza kasi kwa dakika 15. Siku mbili sikimbii kabisa. Siku zilizobaki ni nyepesi, na kipimo changu ni hiki: kama siwezi kumsimulia mwenzangu habari nzima bila kukata pumzi, basi nimekwenda haraka mno. Wiki ambayo mke wangu hakulala vizuri, nami sikulala, hiyo Jumanne ngumu naiacha. Na yeyote ambaye hajafanya mazoezi miaka mingi, tafadhali amwone daktari kabla ya kujaribu vilima.

Mtadhani siku iliyo ngumu kwangu ni Jumanne. La. Jumanne mwili unaumia, lakini moyo unafurahi. Siku inayonitesa ni Jumatano. Siku hiyo nakwenda polepole kiasi kwamba mama mwenye beseni kichwani anakaribia kunipita. Dada anayekaanga vitumbua pale kona aliniuliza mara ya kwanza kwa huruma, "Mzee, leo unaumwa?" Nikataka kumweleza habari za Jumanne, na vile vilima vya Chuo Kikuu, na umri wangu. Nikanyamaza, nikasema, "Siumwi, mwanangu. Leo ni siku ya kwenda polepole." Akacheka, akanitilia vitumbua viwili vya kumpelekea mgonjwa wangu.

Na Jumapili, wakati vikundi vya jogging vya Kinondoni na Temeke vinapopita na fulana zao za rangi moja, wakiimba na kupuliza filimbi, damu yangu inachemka kama zamani. Nakaa barazani na mke wangu, tumekwisha kuvaa nguo za kwenda Ibada, tunawapigia makofi. Juzi aliniuliza, "Huwaonei wivu?" Nikamwambia kweli: nawaonea, kidogo.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wakimbiaji na taji yao. Kwa miaka mingi nilidhani mfano ule ni wa mtu anayekazana bila kupumzika. Sasa nauona pia kama mfano wa mtu anayejua taji anayoitafuta, na ambaye kwa sababu hiyo anaweza kuziacha taji nyingine zote zilizotapakaa njiani: ya kumpita kijana, ya kusifiwa kituoni, ya daftari la dakika.

Basi, ndugu msomaji, labda wewe hukimbii. Lakini unayo kazi, unao mwili unaochoka, na wako watu wanaotegemea uamke kesho ukiwa na nguvu. Jipime mwenyewe. Kama siku zako zote ni nusunusu, tafuta siku moja ya kufanya kazi kwa nguvu zako zote, na siku nyingine ya kupumzika bila kujitetea kwa mtu. Na ukiniona Jumatano alfajiri napitwa na mtu anayetembea, nisalimu tu, usinihurumie. Nimekwisha kumwinua mgonjwa wangu asubuhi hiyo, na jioni nitamwinua tena.